Uliza Dirisha Linaangalia Nini

Juzi Samira, binti wa mdogo wangu, kanikalia hapa sebuleni Jidda na simu yake mkononi, ananionesha namna anavyowatafutia wateja wake nyumba za kulala Ulaya. Anagusa kioo, zinatoka picha. Anagusa tena, zinatoka nyota, na sifa zilizoandikwa na watu asiowajua wala hawamjui. Akapata nyumba katika mji wa kale wa Kijerumani: mbao nyeusi ukutani, maua mekundu madirishani, bei ya watu wa kawaida. Akaniambia, "Ami, kazi yako ya miaka yote ile mimi naimaliza kabla chai haijapoa."

Nikamuuliza, dirisha la chumba linaangalia nini? Akatazama simu. Maji yako wapi, ndani au ukumbini? Akatazama simu. Ngazi je, na chini ya chumba kuna nini? Akaiweka simu mapajani akasema, "Ami nawe unapenda mambo."

Ndiyo, napenda mambo. Hebu kaa, na wenzako uliowaleta wakae, mimina chai nyingine niwasimulie. Nyinyi mmeikuta kazi hii imelainika, na siwaonei choyo. Lakini kuna maswali ambayo simu haiulizi, na mimi niliyajua kwa kukaripiwa.

Ofisi yetu ilikuwa Riyadh, mtaa wa Dira, juu ya duka la mabuli na masinia. Ukipanda ngazi unapishana na harufu ya udi wa jirani na vumbi la saruji, maana mafuta yalishapanda bei na mji mzima umegeuka winchi. Nyumba za udongo zilikuwa zinaangushwa huku wenyewe bado wanabeba mazulia yao. Jidda meli zilipanga foleni baharini zikingoja zamu ya kushusha mizigo. Na watu wakaanza kusafiri. Mtu ambaye baba yake hakuwahi kuvuka mlima wa Taifu, leo anakwambia anakwenda Alimania, ndiyo Ujerumani hiyo, kutibiwa mgongo. Kafili wetu, mwenyeji aliyetudhamini, aliliona hilo mapema akafungua ofisi, akatuweka sisi wageni tuifanye kazi, na yeye akija mara moja moja kunywa kahawa na kuuliza kama mambo tamam.

Matajiri hatukuwapata sisi. Hao walishuka kwenye hoteli za marumaru zenye bawabu mlangoni. Sisi tulipata walimu, makarani, madereva, wazee waliouza kiwanja: watu wenye fedha kidogo wanaotaka kitu kizuri. Kuwatafutia hao ndiyo kazi hasa. Ukipewa fedha nyingi hata mbuzi atachagua hoteli.

Mimi nilikuwa kijana, mtoto wa Unguja niliyeletwa Jidda na wazee baada ya Mapinduzi, nimepanga Shumaisi, humo humo Riyadh, chumba kimoja na Wayemeni wawili na fundi saa wa Mombasa. Kazini nilipewa mkononi mwa Mzee Idarusi. Huyu alikuwa mtu wa Lamu, mfupi, mkali, kofia haimtoki kichwani. Ujanani mwake alitumika jikoni kwenye meli za Wajerumani, na Kijerumani chake kilibaki cha jikoni hadi mwisho. Wenye nyumba kule waliopata teleksi zake mara ya kwanza walidhani wanauliziwa viazi. Lakini walimpenda, sijui kwa nini, maana kwa mdomo wake tu angeweza kufukuzwa popote.

Siku yangu ya pili kazini nilimpelekea picha ya nyumba katika mji wa Heidelberg, nzuri mpaka basi. Hakuitazama.

"Picha imepigwa na mtu aliyesimama pahali pazuri," akasema. "Wewe niambie pahali pabaya."

"Mzee, mimi nitapajuaje?"

"Uulize. Nyumba nzuri ya bei ndogo ina kilema, yakhe. Isingekuwa na kilema ingekuwa ghali. Kazi yako ni kukijua kilema, kisha umpate mteja ambaye kilema hicho hakimuumizi."

Hilo nimelitumia maisha yangu yote, hata kwenye kununua gari. Ile nyumba ya picha ilikuwa ubavuni mwa kanisa, kengele zinalia kila robo saa mpaka vikombe vinatetema. Mzee Idarusi akampeleka pale mzee mmoja wa Hail, kiziwi. Yule bwana alirudi anawasifu Wajerumani kwa utulivu wao. Nyumba zenye ngazi nyembamba za kuzunguka tukawapa wanafunzi. Nyumba ambayo mwenyewe ana mbwa mkubwa hatukumpa mtu, ingawa alitupunguzia bei mara mbili.

Maji ndiyo yaliyotusumbua. Mjerumani wa mji wa kale anakupa chumba kisafi, shuka zimepigwa pasi, mto wa manyoya, halafu choo kiko mwisho wa ukumbi na ndani yake karatasi tu. Mteja wetu anasimama pale na udhu wake haujui pa kwenda. Nilijifunza kuuliza kama kuna beseni chumbani na bomba. Na ofisini tukaweka kopo za plastiki, zile zenye mkono, kila familia inapewa yake pamoja na tiketi. Kafili alipoziona akauliza kama sasa tunauza vyombo. Mzee Idarusi akamjibu kwa adabu kuwa hizo ndizo zinazorudisha wateja, na kweli watu walikuwa wakija kuzitaja.

Kibla nacho. Wale akina mama wa nyumba tungewaambia nini? Tukawauliza tu, saa nne za asubuhi jua linaingia dirisha gani? Wakijibu, basi tunamwambia mteja, elekea huko. Mama mmoja kule alidhani Waarabu wote wana baridi yabisi ndiyo maana wanaulizia jua, akawa anawawekea blanketi la ziada.

Na kosa hili mkilifanya nyinyi nitacheka. Mteja mmoja wa Qasim, mtu mzima wa heshima zake, nilimuuliza ana watoto wangapi nimkodie vyumba. Akanitazama kama nimemtukana. "Mashaallah," akasema, "wapo." Nikauliza tena. "Wapo, alhamdulillahi." Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi ambaye ukimhesabia vifaranga anakuondosha uani, nikaona haya kumshikilia. Nikakadiria, nikakodi vyumba viwili. Mama wa Kijerumani mwenye nyumba akapiga simu Riyadh kuuliza kama tumempelekea familia au skuli. Mzee Idarusi alinisema mpaka adhuhuri.

"Usimhesabie mtu wanawe," akasema. "Muulize viatu. Kule baridi, atawanunulia viatu pea ngapi? Hapo atakutajia mwenyewe bila kujikunja."

Na walitaja wote. Viatu havina husuda.

Basi nilipokuwa nimeiva kidogo, au nimejiona nimeiva, ofisi ikafungua tawi Jidda na nikapelekwa mimi. Mezani peke yangu, simu yangu, teleksi yangu, Mzee Idarusi yuko mbali Riyadh. Nilijisikia mtu. Na hapo ndipo alipokuja Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mke wa Salim, dereva wa nyumba moja ya wenye nazo, mtaa wa Al-Safa. Watu wetu wa Unguja, mama yangu na mama yake walikuwa wakipelekeana futari. Alikuja na Salim na binti yao Ruwaida, wa miaka kumi hivi, kamshika mama yake mkono kwa namna ambayo mtoto wa umri ule hashiki tena. Jicho la kushoto lilishazima. Lile pazia la ndani ya jicho limeachia, walisema madaktari, na la kulia nalo limeanza kuachia. Kulikuwa na hospitali Heidelberg inayoweza kulishika kabla halijakwenda. Bosi wa Salim, Mungu amlipe, alitoa tiketi na matibabu. Pa kulala, miezi miwili, ni juu yao wenyewe. Na Salim hakupewa ruhusa ya kwenda, maana nani atawapeleka watoto wa bosi skuli?

Nikafungua picha zangu mezani. Nikaanza, maji hapa, ngazi hivi. Bi Zuwena akanikatiza.

"Nassor, mimi nataka chumba chenye dirisha zuri."

"Bi Zuwena, mtoto atakuwa kafungwa macho yote mawili," nikamwambia. "Dirisha la nini? Bora tutazame joto na maji."

"Nimekusikia," akasema. "Lakini iko siku watamfungua. Wametuambia huenda akaona, huenda asione. Kama ataona, nataka cha kwanza kiwe kitu kizuri. Na kama ni kidogo tu kisha basi, nataka hicho kidogo kiwe kizuri."

Salim alikuwa anachezea funguo za gari ya bosi, akaacha. Nikamsogezea picha zote achague mwenyewe.

Akachagua nyumba nyeupe ukingoni mwa mto. Chini ya dirisha maji, mbele daraja la mawe lenye minara miwili, juu kilimani ngome nyekundu iliyobomoka nusu. Na mlangoni kilining'inia kibao cha chuma, kichala cha zabibu kilichopakwa rangi ya dhahabu.

"Tazama zabibu," akamwambia Ruwaida, akamshika kidole akakipitisha juu ya picha. "Kama tulizokula Taifu."

Na mimi nikaona hivyo hivyo. Muuza matunda, au mwenye shamba. Nilihama Unguja mdogo, na tangu hapo sijaishi ila katika nchi ambayo kinachokamuliwa katika zabibu hakiuzwi wala kibao chake hakionekani. Nikauliza maji, yapo. Nikauliza ngazi, chache. Kengele, mbali. Bei ikatufaa. Nilikodi ile nyumba na nikajisifu moyoni, nikasema Mzee Idarusi angekuwepo leo angekiri.

Siku tatu baada ya wao kuondoka, simu ikalia ofisini. Bi Zuwena, sauti inakwenda na kurudi, na nyuma yake watu wanaimba.

"Nassor, umetuweka wapi?"

"Kuna nini, Bi Zuwena?"

"Chini wanakunywa. Tangu mchana wanakunywa. Jana mmoja kapotea njia kaja kuusukuma mlango wetu, mtoto kashtuka karuka kitandani. Na daktari kasema asishtuke, asiruke, jicho lile limeshikwa na uzi. Mimi sikai humu. Nitasali wapi humu nimwombee mwanangu? Narudi Jidda."

"Bi Zuwena, upasuaji keshokutwa."

"Najua."

"Ukirudi, kitanda cha hospitali kinakwenda. Na jicho haliwezi kungoja kingine."

"Najua, Nassor," akasema, na hapo akalia. "Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Nikamwambia anipe muda mpaka jioni. Nikampigia Mzee Idarusi Riyadh nikamweleza yote, mpaka kibao.

"Kichala cha zabibu cha dhahabu," akasema. "Na wewe ulidhani wanauza nini, achari?"

"Nilidhani matunda."

"Umempeleka mke wa watu juu ya kilabu cha mvinyo. Ulimuuliza mwenye nyumba chini ya chumba kuna nini?"

"Sikumuuliza."

"Haya, halas. Mpeleke kwa Bi Lotte, chumba cha uani. Kiko wazi, nina hakika, maana hakuna anayekitaka."

Bi Lotte nilikuwa namjua kwa barua. Mjane wa fundi viatu, kichochoroni nyuma ya soko, anapangisha vyumba. Cha uani kilikuwa ndiyo karakana ya marehemu mumewe. Nami nilikuwa nimekitupa kila mara kwa sababu moja.

"Mzee, kile kinaangalia ukuta."

"Ndicho kilema chake. Hakina ngazi. Kina bomba ndani, la kurowekea ngozi. Na Bi Lotte hanywi hata siki."

"Ameomba dirisha zuri. Hilo tu ndilo aliloomba."

"Ameomba mtoto wake aone," akasema Mzee Idarusi. "Piga simu, yalla."

Nikapiga. Bi Lotte alikwenda mwenyewe kuwachukua, na kirikwama chake cha kuvutia mizigo. Kabla ya hapo ilibidi nimsomee Bi Zuwena masharti ya ile nyumba, maana Bi Lotte alikuwa mtu wa masharti. Samaki hakaangwi ndani. Baada ya chakula cha mchana ni kimya, hata mlango usibamizwe. Na nguo haianikwi nje Jumapili, kabisa kabisa, kwao ni aibu, majirani wanasema. Nikamkazia hilo la Jumapili kuliko yote, kwa sababu mpangaji mmoja wetu alishawahi kutolewa kwa kanzu moja tu. Nikamwambia, "Bi Zuwena, ukianika Jumapili sina pengine pa kukupeleka."

Kesho yake akanipigia kutoka huko. Amefika, maji yapo, mtoto kalala vizuri.

"Nassor, ni ukuta."

"Najua, Bi Zuwena."

"Mtupu. Wa kijivu. Hata ufa hauna."

"Nisamehe."

"Si kitu," akasema. Nimeambiwa maneno makali mengi katika kazi hii, na hakuna lililonichoma kama lile si kitu.

Upasuaji ukafanyika. Ruwaida akalazwa siku nyingi, kafungwa macho yote mawili, hageuki wala hacheki, maana hata kucheka alikatazwa. Bi Zuwena akienda na kurudi kwa miguu. Hajui neno la Kijerumani, na Bi Lotte hajui neno la kwetu, lakini jioni wakikaa pamoja jikoni. Bi Zuwena akamfundisha kutia hiliki katika kahawa, na Bi Lotte akamfundisha kufuma. Mtoto alipotolewa hospitali, bado kafungwa, Bi Lotte akauzungushia mguu wa kitanda gunia ili usilie sakafuni. Haya yote niliyasikia baadaye. Wakati ule nilichokuwa nikikipata ni simu fupi: bado, bado, omba dua.

Salim akawa anapita ofisini karibu kila siku baada ya kuwashusha watoto wa bosi. Haketi. Anasimama mlangoni na funguo zake, ananitazama, natikisa kichwa, anaondoka.

Mwisho daktari akasema mtoto afunguliwe. Yeye mwenyewe alimfungua katika chumba cha giza akaona kidonda kimepona, akamfunga tena. Akamwambia mama, kesho mfungue nyumbani, pasiwe na mwanga mkali, umwache azoee, kisha mtajua. Na hiyo kesho ikaangukia Jumapili.

Kwetu Jumapili ni siku ya kazi. Nilikuwa ofisini na Salim alikuja baada ya Laasiri. Safari hii akaketi. Tukaitazama ile simu nyeusi kama watu wanaongoja sufuria ichemke. Akaingia mteja, nikamwambia leo mafi, hakuna kazi, rudi kesho. Salim akaniuliza kama laini za Ulaya hukatika Jumapili. Nikamwambia hapana. Akaniuliza tena.

Ikalia. Nikainyanyua.

"Bi Zuwena?"

"Kasoma," akasema.

"Kasoma nini?"

"Nassor, kasoma kanga."

Nikampa Salim kipokezi, lakini akanirudishia. Basi nikakiweka kati yetu, masikio yetu yote mawili pale, na Bi Zuwena akahadithia.

Asubuhi ile aliamka akaufikiria ule ukuta. Akafungua sanduku akatoa kanga yake moja mpya, nyekundu na nyeupe, ambayo hajaivaa bado. Nia yake aitundike nje, ifunike ukuta, mtoto akifunguliwa aone walau rangi ya kwao. Akasimama dirishani nayo. Kisha akakumbuka ni Jumapili, na maneno niliyomwambia mimi. Akaikunja akaipakata, akakaa kitandani.

Bi Lotte akaingia na kahawa, kavaa nguo zake za kanisani, kofia na glavu. Akamtazama Bi Zuwena, akaitazama kanga, akautazama ukuta. Mzee Idarusi, kumbe, alishampigia zamani kutoka Riyadh, bila kuniambia mimi, na kwa kile Kijerumani chake cha viazi akamweleza mama huyu aliomba dirisha la nini. Bi Lotte akaweka kahawa chini. Akaichukua kanga mapajani kwa Bi Zuwena, akatoka nayo uani na glavu zake, akaitandaza kwenye kamba mbele ya ukuta, akabana vibanio ncha zote. Madirisha ya juu yakafunguliwa. Mwanamke mmoja akasema neno. Bi Lotte akamjibu neno moja tu, dirisha likafungwa. Kisha akaleta kigoda akakaa chini ya ile kanga, mikono mapajani, asubuhi yote, na kanisani hakwenda.

Na mle uani, kwa sababu ya ukuta, hamkuingia jua kali hata chembe. Ni mwanga wa kivuli tu, ule ule alioutaka daktari. Kule juu ya mto wangelazimika kuziba dirisha kwa blanketi.

Mchana Bi Zuwena akamfungua mtoto. Ruwaida akafumba, akafumbua, akafumba. Akageuza uso dirishani. Halafu akaanza kusoma yaliyoandikwa kwenye kanga, herufi kwa herufi, kwa sauti, kutoka kitandani mpaka ng'ambo ya uani.

Salim alikuwa analia waziwazi. Akapata sauti akauliza, "Kanga ipi?"

"Ile," akasema Bi Zuwena.

"Ipi?"

"Ile niliyoinunua nimvalie jirani yetu. Ya yale maneno."

"Ile?" Salim akafuta macho kwa ncha ya kanzu. "Umeitundika ile mbele ya Wajerumani? Na mtoto kayasoma yote?"

"Mpaka mwisho," akasema Bi Zuwena. "Akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia akikua nitamweleza."

Hapo Salim akacheka, nami nikacheka, na kule Heidelberg Bi Zuwena akacheka, na tukasikia mtu wa tatu anacheka naye, kikongwe, asiyejua tunachekea nini. Maneno yenyewe ya ile kanga mpaka leo sikuambiwa. Nilipomuuliza Bi Zuwena, akasema si ya kutamkiwa mwanamme asiyeoa. Nilipooa, akasema nisubiri nizeeke.

Ruwaida sasa ni bibi, yuko Maskati, na jicho lile moja linamtosha kutunga uzi kwenye sindano. Mzee Idarusi alirudi kwao Lamu akafia huko, Mungu amrehemu, na hakuwahi kunisifu. Dira ya zamani wameivunja. Kile chumba cha uani nilikikodisha miaka mingi, kwa watu wa macho hasa, na wakawa wanakigombania. Bi Lotte alikuwa akituletea masharti yake kila mwaka, samaki, kimya cha mchana, mlango usibamizwe. Lile la kuanika Jumapili alilifuta.

Mimi mwenyewe Ujerumani sijawahi kukanyaga, mjue. Mji ule naujua kwa ngazi zake na mabomba yake, na nyakati nyingine, nikikaa hapa peke yangu, nautamani kama mtu anavyotamani kwao. Basi Samira, ichukue simu yako. Kabla hujamlipia mtu nyumba, piga, zungumza na mwenyewe, uliza dirisha linaangalia nini. Akikwambia ukuta, usikate simu. Muulize kama kuna kamba.